Shela Lisipoteze Mikunjo: Vidokezo vya Kuhamisha DVD na VCD Bila Kuharibu Mwanga wa Picha

Deki zinakufa, na kompyuta mpakato nyingi za siku hizi haziji na sehemu ya kutia diski. Wakati huohuo, kwenye droo za sebuleni kumelala harusi ya mama, mahafali ya kaka na maulidi ya mwisho aliyohudhuria babu, vyote kwenye DVD na VCD zilizochomwa na wapiga video wa mtaani. Kwa hiyo watu wanahamisha. Diski inaingia, faili la MP4 linatoka, na hapo malalamiko yanaanza. Ukumbi umekuwa giza. Suti nyeusi imegeuka ya kijivu. Shela limekuwa bapa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Bibi harusi akicheza, mistari inamchana mwili mzima.

Mara nyingi picha yenyewe ni nzima. Kuna namba zilizosomwa visivyo, na programu ikaandika kile ilichodhani. Mtu asiyelijua hilo hukimbilia kuongeza mwanga, na anapoongeza ndipo anapoiharibu kweli. Tafuta chanzo kwanza, mwanga utaugusa baadaye. Vidokezo hivi vinafuata mtiririko wa kazi yenyewe, na vinahusu diski zako za nyumbani. Filamu za dukani zina wenyewe na zina haki zao.

1. Nakili diski nzima kabla ya kubana chochote

Usiilazimishe diski ya zamani izunguke mara tano huku ukijaribu mipangilio. Inakili yote kwenye kompyuta mara moja, kisha ifanyie kazi nakala. Kwenye DVD, chukua folda nzima ya VIDEO_TS au tengeneza faili la ISO. Usichukue faili moja la VOB peke yake, kwa sababu DVD huikata video katika vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja. Wengi hubeba kipande cha kwanza, wakaja kuona harusi imeishia kabla ya keki. Kwenye VCD, video iko ndani ya folda ya MPEGAV, katika faili lenye mwisho wa DAT.

Diski ikikatakata, itoe. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe mkono. Ikigoma tena, tumia programu ya kuokoa data kama ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima, kisha hurudi kwenye zile mbovu taratibu. Na hili wengi hawalijui: kwenye DVD, data imelala katikati, baina ya bamba mbili za plastiki zenye unene wa takriban milimita 0.6 kila moja. Kwenye VCD, data iko juu, chini kidogo tu ya lebo. Kwa hiyo VCD inaweza kung'aa upande wa chini lakini ikawa imekufa kwa sababu mtu aliandika "Harusi ya Asha" juu yake kwa kalamu ngumu.

2. Linganisha kwenye kioo kimoja

Harusi ile uliizoea kwenye TV ya chogo, pengine yenye mwanga uliopandishwa hadi mwisho na watoto. Leo unaitazama kwenye simu ambayo yenyewe inapandisha na kushusha mwanga kadiri unavyosogea dirishani, au iliyowashwa hali ya kuokoa chaji. Huo si ulinganisho.

Fungua nakala ya diski na faili jipya kwenye kompyuta ileile, kwa programu ileile (VLC inatosha), kwenye tukio lilelile. Piga picha ya kioo kwa kila moja, kisha ziweke ubavu kwa ubavu. Zikifanana, ubanaji wako hauna kosa, na tatizo liko kwenye kioo au kwenye diski tangu mwanzo. Zikitofautiana, kosa liko kwenye uhamishaji, na linatibika.

3. Zifahamu namba 16 na 235

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo zinapozaliwa picha nyingi zilizopauka na nyingi zilizozama gizani.

Mwanga wa kila nukta ya picha hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Picha za kompyuta hutumia namba zote: 0 ni weusi kamili, 255 ni weupe kamili. Video za televisheni, na DVD ikiwemo, hufuata desturi nyingine. Weusi wake huanza 16 na weupe wake hukomea 235, kisha kifaa cha kuonyeshea huvuta namba hizo zikajaa kioo kizima. Kila kifaa kikielewa kinachopokea, huoni tofauti yoyote.

Tatizo huanza wanapokosana. Ikiwa video ni ya 16 hadi 235 lakini kifaa kimeambiwa ni ya 0 hadi 255, hakivuti kitu. Weusi unabaki kwenye 16, ambao kwa macho ni kijivu, na weupe unabaki hafifu. Picha nzima inakuwa kama ina ukungu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: video inayotumia namba zote ikichukuliwa kuwa ya televisheni, au video ya televisheni ikivutwa mara mbili, kila kilicho chini ya 16 kinazama kwenye weusi na kila kilicho juu ya 235 kinaungua kuwa weupe mtupu. Suti inakosa kola na mifuko. Shela linakosa mikunjo.

Kuna kipimo rahisi. Tafuta mahali ambapo kioo kilitakiwa kuwa cheusi kabisa, kwa mfano pale picha inapozima kati ya tukio na tukio, au nyuma ya majina ya maharusi mwanzoni. Piga picha ya kioo, ifungue kwenye programu yoyote ya kuchorea, kisha tumia kifaa cha kuchukulia rangi. Ukisoma 0 au karibu yake, weusi uko sawa. Ukisoma karibu na 16, ukungu wako umepata jina. Kwa weupe, tazama sehemu ya shela iliyopigwa na taa: ikiwa eneo kubwa lote ni 255 huku kwenye nakala ya diski kuna tofauti za mwanga, basi kuna kitu kimekatwa.

Dawa ina hatua. Anza na kompyuta na TV. Kama ukungu au giza linatokea tu unapochomeka waya wa HDMI, faili halina kosa. Nenda kwenye mipangilio ya kadi ya picha na ya TV, uhakikishe vyote viwili vimechagua aina moja ya masafa ya mwanga. Kama ukungu unaonekana kila mahali, huenda namba za ndani ni sahihi ila faili limebandikwa alama isiyo yake. Alama hiyo hurekebishwa bila kubana upya, kwa hiyo bila kupoteza ubora wowote. Kwa faili la H.264, programu ya ffmpeg hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c copy -bsf:v h264_metadata=video_full_range_flag=0 harusi-sahihi.mp4

Lakini kama weusi na weupe vimekatwa ndani ya faili lenyewe, hakuna kitufe cha kuvirudisha. Rudi kwenye nakala ya diski uanze upya. Ndiyo sababu kidokezo cha kwanza kimekaa cha kwanza.

4. Giza likiwa kwenye diski yenyewe, pandisha gama

Kuna harusi zilizopigwa gizani kweli, na kuna zilizopigwa kwenye taa za kutosha lakini nyuso zikatoka nyeusi mno. La pili lina sababu yake. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, hutafuta wastani wa picha nzima. Ikikutana na shela jeupe linalong'aa chini ya taa ya mpiga video, huona mwanga umezidi, nayo hujibana. Shela linatulia, na uso wa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi unazama. Kwenye harusi zetu hilo limetokea mara nyingi mno, na linauma, kwa sababu uso ndio tuliotaka kuubakiza. Unapokaa kurekebisha, basi, hukumu kwa uso. Usihukumu kwa shela wala kwa mapambo ya ukumbi.

Usiguse kile kidhibiti cha mwanga ambacho kila programu hukiweka mbele. Chenyewe huongeza kiasi kilekile kwa kila nukta: weusi unapanda kuwa kijivu, shela linaungua, na uso unapata nafuu kidogo tu. Tumia gama. Hiyo huinua zaidi sehemu za kati, zilipo nyuso na kanga na mbao za meza, huku ikiacha weusi kamili na weupe kamili karibu palepale vilipokuwa. Anza na 1.1, nenda hadi 1.2. Ukipita 1.3 utaanza kuona chenga zilizokuwa zimejificha gizani.

HandBrake, programu inayopendwa sana kwa kazi ya DVD, haina kidhibiti cha mwanga wala gama. Vidhibiti vya VLC navyo hubadilisha unachokiona wakati huo tu, faili linabaki vilevile. Kwa kurekebisha faili lenyewe tumia Shotcut, Avidemux au ffmpeg. Usisubiri saa tatu za harusi zibanwe ndipo ugundue umezidisha. Kata dakika mbili zenye uso gizani na shela kwenye taa, ujaribu hapo:

ffmpeg -ss 00:20:00 -t 120 -i harusi.vob -vf "bwdif,eq=gamma=1.15" -c:v libx264 -crf 20 jaribio.mp4

Chenga zikizidi, ongeza kichujio cha kuzipunguza, hqdn3d au NLMeans, kwa kiwango cha chini kabisa. Kikizidi, ngozi inakuwa kama plastiki na mvi za bibi zinafutika. Mimi huona afadhali chenga kidogo kuliko uso uliolainishwa hadi ukapoteza mwenyewe.

5. Mwanga unaopumua: angalia unapumua wapi

Picha inang'aa, inafifia, inang'aa tena. Kwanza rudi kwenye nakala ya diski. Kama hata huko inapumua, chanzo ni cha zamani: kamera ilikuwa ikijipimia kila mtu alipopita mbele ya taa, au DVD ilitokana na kanda ya VHS yenye kinga ya Macrovision, ambayo iliundwa makusudi kuvuruga kipimo cha mwanga cha mashine ya kunakilia. Ukibana upya, hali hiyo haiondoki.

Kama diski imetulia na faili jipya ndilo linalopumua kila baada ya sekunde chache, hasa kwenye kuta na mapazia, umeibana video kupita kiasi. Nenda kidokezo cha 8.

Kuna na ukungu wa kanda kutoka Marekani. Mfumo wa NTSC wa kule uliinua weusi hadi asilimia 7.5 ya nguvu ya mawimbi ya picha, wakati PAL yetu huanzia sifuri. Kama shangazi aliyeko Marekani alituma DVD iliyotokana na kanda ya kule na weusi wake ni wa kijivu, huenda mashine iliyonakili haikuushusha. Hapo unashusha kiwango cha weusi peke yake, si mwanga wote.

6. Ondoa mistari inayochana kabla ya kupunguza au kukuza picha

Televisheni za PAL zilipokea nusu-picha 50 kwa sekunde: mistari ya shufwa, kisha ya witiri, zikipishana. TV ya chogo iliionyesha hali hiyo bila shida. Kioo cha simu huonyesha nusu mbili kwa pamoja, na kama mtu alikuwa akisogea, nusu hizo hazikutani. Hapo ndipo mistari inapotokea begani na mikononi.

Washa kichujio cha Yadif, Bwdif au Decomb. Kiwe cha kwanza katika foleni. Ukibadilisha ukubwa wa picha kabla yake, mistari inayeyuka ndani ya picha na haitoki tena. Kwa ngoma, rusha roho na kila penye mwendo wa haraka, chagua namna inayotoa fremu 50 kwa sekunde badala ya 25. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini mwendo unabaki laini kama ulivyokuwa kwenye TV.

Picha ikitetemeka mbele na nyuma baada ya kichujio, mpangilio wa nusu-picha umegeuzwa. Kamera za kanda ndogo za DV huanza na nusu ya chini, ilhali DVD nyingi huanza na ya juu. Geuza, jaribu tena. VCD haina mistari hii, kwa sababu picha yake ni ya nukta 352 kwa 288 zisizopishanishwa, kwa hiyo iache bila kichujio.

7. Usiikuze iwe HD, wala usiinyooshe

DVD ya PAL ina nukta 720 kwa 576, na nukta zake si mraba. Video ya 4:3 inatakiwa kuonekana kama 768 kwa 576, na ya 16:9 kama 1024 kwa 576. Watu wakitoka wanene au wembamba kuliko walivyo, umbo hilo limepuuzwa. HandBrake hulitunza yenyewe usipoingilia.

Kukuza hadi 720 au 1080 hakuongezi chochote kilichokuwa hakipo, na huleta kosa la rangi. Video za ukubwa wa DVD hutumia kanuni ya rangi ya BT.601, za HD hutumia BT.709, na programu nyingi hukisia kanuni kwa kutazama urefu wa picha. Ukiikuza video bila kubadilisha kanuni, nyekundu na kijani huhama, na rangi za ngozi nazo. Baki na 576.

Kama chini ya picha kuna ukanda wa michirizi inayorukaruka, huo ni wa kanda ya VHS. Kata mistari michache ya chini, basi.

8. Chagua ubora, usichague ukubwa wa faili

Zamani tuliambiana filamu itoshe MB 700 ili ikae kwenye CD moja. Sababu hiyo imekwisha, ila tabia imebaki, na ndiyo inayozaa miraba-miraba kwenye pembe za giza. Ukitaja ukubwa wa faili, unailazimisha programu igawe kidogo ilicho nacho kati ya hotuba iliyotulia na ngoma inayoruka, na giza ndilo linalonyimwa kwanza.

Tumia kipimo cha ubora thabiti, kinachoitwa RF kwenye HandBrake na CRF kwenye ffmpeg. Namba ikishuka, ubora unapanda. HandBrake wenyewe hushauri 18 hadi 22 kwa video za ukubwa wa DVD. Anza na 20. Kwa harusi yenye giza, shuka 18. Chagua pia kasi ya polepole: kompyuta itafanya kazi usiku kucha, lakini kwa ukubwa uleule utapata picha bora zaidi.

Tatizo la giza lina dawa nyingine mbili. Kwenye x264, kibanaji cha H.264, andika aq-mode=3 katika nafasi ya mipangilio ya ziada; hiyo huelekeza data zaidi kwenye sehemu nyeusi. Na kama unaona ngazi-ngazi za rangi ukutani penye kivuli, x265 ya biti 10 huzipunguza sana. Tahadhari ni kwamba simu na TV za zamani hukataa kuicheza. Faili la kutuma kwa ndugu liwe H.264 ya biti 8.

VCD ni habari nyingine. Ilibanwa tangu siku ya kwanza kwa takriban kilobiti 1150 kwa sekunde, kwa hiyo miraba unayoiona ilizaliwa nayo. Tunza faili lake kama lilivyo, kisha tengeneza nakala ya MP4 kwa CRF 18 kwa ajili ya simu.

9. Fremu na sauti: usivibadilishe

Diski ya PAL ibaki fremu 25 kwa sekunde, au 50 kama ulifuata kidokezo cha 6. Ukiipeleka 30, kamera ikizunguka ukumbi utaona inastuka-stuka. Sauti iwe AAC ya kilobiti 160. Usimruhusu mtu "aisafishe" kwa pupa: vigelegele ni sehemu ya harusi.

10. Bana mara moja tu

Kila mbano hutupa kitu, na mbano wa pili huhesabu makosa ya ule wa kwanza kuwa ni picha, ukayahifadhi kwa uangalifu. Ni fotokopi ya fotokopi. Kama faili la kwanza halikukuridhisha, rudi kwenye nakala ya diski. Usilirekebishe faili lililokwisha kubanwa.

WhatsApp nayo hubana kila video inayotumwa kwa njia ya kawaida. Kazi yote uliyoifanya kwenye nyuso itapotea njiani, kisha ndugu walioko Muscat na Toronto watakwambia video yako ina giza. Itume kama hati: faili hadi GB 2 hupita bila kuguswa. Waonye tu wasubiri Wi-Fi, bando zisiwaishie.

11. Itazame yote kabla ya kuirudisha diski drooni

Tazama kidogo mwanzo, katikati na mwisho, halafu siku moja kaa na mzee mmoja mwitazame nzima. Yeye ndiye atakayesema kwamba sehemu ya kumtoa bibi harusi haipo, au kwamba yule aliyesimama kivulini ni mjomba, kwa hiyo pale pandisha gama kidogo. Andika majina yao kwenye faili la maandishi na uliweke folda moja na video.

Diski usiitupe. Rangi iliyochomwa ndani yake hufifia kwa jua na joto, kwa hiyo isimamishe kwenye kasha lake, mbali na dirisha, wala usiiweke juu ya friji. Ile nakala nzima ya VIDEO_TS au ISO weka kwenye diski kuu mbili, na moja kati ya hizo ikae kwenye nyumba nyingine.